Vijidudu au Wakazi? Bakteria wa Utumbo, Afya ya Binadamu na Mzigo wa Istilahi Zetu

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi bakteria waishio katika utumbo wa binadamu walivyobadilika pamoja naye tangu kale, na mchango wao katika afya yake. Mifano yetu mingi imetoka katika majiko na masoko ya Nyeri na miji mingine inayouzunguka Mlima Kenya. Tunadai kwamba istilahi za Kiswahili zinazotumiwa kuwataja viumbe hawa zilikita mizizi katika muktadha wa vita dhidi ya maradhi, na kwamba kwa sababu hiyo zinamzuia mgonjwa wa kawaida kuelewa ushauri ambao ungemfaa.

Utangulizi

Wakati wa likizo ndefu, mwandishi wa makala haya aliombwa kusaidia kutafsiri kijikaratasi cha mawaidha ya afya katika zahanati moja ya Kaunti ya Nyeri. Kijikaratasi chenyewe kilihusu matumizi ya antibayotiki, yaani zile dawa ambazo baadhi ya vitabu vyetu huziita viuavijasumu. Sentensi moja ya Kiingereza ilitutoa jasho. Ilisema kwamba dawa hizo huwaua bakteria wabaya na wazuri kwa pamoja, na ndiyo sababu mtu hafai kuzimeza kila anapokohoa. Tuliandika hivi: “Dawa hii huua vijidudu vibaya na vijidudu vizuri.” Tuliridhika, kwani kila neno la asili lilikuwa limepata mwenzake.

Siku ya kukisoma kijikaratasi mbele ya wagonjwa, cucu mmoja aliyetoka upande wa Mukurweini aliinua mkono. “Mjukuu wangu,” alisema, “tangu nizaliwe sijasikia kijidudu kizuri. Kama vimo tumboni mwangu, si heri vife vyote?” Tulicheka, naye akacheka, lakini jibu hatukuwa nalo. Sentensi yetu haikuwa na kosa la kisarufi hata moja, na bado ilikuwa imemfundisha kinyume cha tulichokusudia. Alikuwa tayari kumeza dawa nyingi zaidi.

Swali la cucu yule ndilo lililozaa makala haya. Ili kulijibu, hatuna budi kwanza kuyachungua maneno tuliyoyatumia, kisha tuwatazame viumbe wenyewe.

Maneno yenye silaha

Tuanze na neno kijidudu. Msingi wake ni mdudu. Tukitaka kukuza husema dudu, na tukitaka kudunisha huambatisha ki- au kiji-. Kiambishi hiki, kama anavyojua kila mwanafunzi wa mofolojia, hakipunguzi umbo peke yake. Hushusha na hadhi. Kijitu si mtu mfupi tu, na kijibwa si mbwa mdogo anayependwa. Kwa hiyo hata kabla kijidudu hakijafanya lolote, sarufi imekwisha kumhukumu.

Kijasumu nacho kina hila ya aina nyingine. Mtaalamu anaweza kutueleza asili ya neno hilo apendavyo, lakini msikilizaji asiye mtaalamu husikia sumu. Kimelea hutokana na kumea, na maana yake ni yule ameaye juu ya mwenzake na kumnyonya. Kiini peke yake ni neno lisilo na hatia, kwani yai lina kiini na hoja ina kiini. Hata hivyo, hospitalini neno hilo haliendi bila kuandamana na “cha ugonjwa”. Bakteria, ambalo ni neno la mkopo, ndilo lililo safi zaidi, lakini nalo limekwisha kuzoea kampuni ya kipindupindu na kifua kikuu.

Haikuwa hivi tangu mwanzo wa elimu ya viumbe hawa. Mnamo 1683, Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa nguo wa mji wa Delft nchini Uholanzi, alikwangua utando uliokuwa kwenye meno yake, akautazama kwa lenzi alizozisugua mwenyewe, akaona viumbe hai wakiogelea. Aliwaita vijinyama, na barua yake kwa Royal Society ya London imejaa mshangao kuliko hofu. Hofu ilikuja karne mbili baadaye, Louis Pasteur na Robert Koch walipothibitisha kwamba baadhi ya viumbe hao huleta magonjwa. Koch alimtambulisha bakteria wa kifua kikuu mnamo 1882, kisha akafika hata kwetu, kwani mwaka 1906 na 1907 alikuwa katika visiwa vya Sese, Uganda, akichunguza ugonjwa wa malale. Elimu ya viumbe wadogo iliingia Afrika Mashariki ikiwa imevaa sare ya kampeni dhidi ya maradhi. Si ajabu basi kwamba Kiswahili cha zahanati kilijifunza kuwataja kama maadui.

Lakini kamusi yetu ina upande wa pili ambao aghalabu tunausahau. Tuna chachu, kuchacha na kuchachusha. Tuna mtindi na togwa. Hapa Kenya tuna mala, neno lililofupishwa kutokana na maziwa lala, yaani maziwa yaliyolazwa usiku kucha hadi yakaganda. Tuna mwiku, bariyo na kiporo, majina matatu ya chakula kilicholala. Isitoshe, mwanasiasa akitaka kusifu kundi la vijana husema wao ni chachu ya maendeleo. Kazi yote inayotajwa na maneno haya, au sehemu yake kubwa, hufanywa na bakteria na hamira. Msemaji wa Kiswahili alikuwa akishirikiana na viumbe hawa karne nyingi kabla ya kuambiwa kwamba wapo, na ushirikiano huo aliupa maneno mazuri. Tatizo ni kwamba maneno ya jikoni na maneno ya zahanati hayajawahi kukutanishwa.

Wakazi wenyewe

Utumbo wa binadamu, hasa utumbo mpana, ni makazi ya bakteria wengi ajabu. Kwa muda mrefu vitabu vilidai kwamba bakteria katika mwili wa mtu ni mara kumi ya seli zake mwenyewe. Mnamo 2016, Ron Sender, Shai Fuchs na Ron Milo walifanya hesabu upya na kukadiria kwamba mwanamume wa kilo 70 ana bakteria wapatao trilioni 38 na seli zake mwenyewe trilioni 30 hivi. Uzito wa bakteria hao wote ni kama gramu 200. Ukipakua githeri kidogo kwenye bakuli, umepata kadiri ya uzito huo.

Kazi zao ni nyingi. Huchachusha sehemu za chakula ambazo vimeng’enya vyetu haviwezi kuzivunja. Hutengeneza vitamini K na baadhi ya vitamini za kundi B. Huufunza mfumo wa kinga kutofautisha mgeni wa heri na wa shari. Aidha, kwa kuwa wao wamekwisha kushika nafasi na chakula kilichopo, huwanyima makao bakteria waharibifu wanaoingia na maji machafu. Hapa ndipo jibu la kwanza kwa cucu lilipo: wakifa wote, nyumba hubaki tupu, na nyumba tupu haikosi wavamizi.

Si kila mkazi ni mwema, na wema wenyewe hutegemea mahali. Escherichia coli, aliyegunduliwa na daktari Theodor Escherich mnamo 1885 katika vinyesi vya watoto wachanga, huishi kwa amani katika matumbo ya karibu watu wote. Hata hivyo, baadhi ya koo zake huleta kuhara kunakoua, na mkazi yule yule asiye na madhara utumboni huleta maradhi akihamia katika njia ya mkojo. Kwa sababu hiyo, hata ule mgawanyo wa “wabaya” na “wazuri” tulioutafsiri katika kijikaratasi ulikuwa na kasoro tangu kwenye Kiingereza chake.

Ukoo wa bakteria na ukoo wa lugha

Msomaji aliyesoma isimu historia hatapata taabu kuelewa namna wanasayansi walivyochunguza asili ya viumbe hawa, maana mbinu zinafanana na zetu. Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, katika kitabu chao cha 1993 kuhusu historia ya Kiswahili na lugha za Kisabaki, walilinganisha maneno ya lugha za leo ili wafikie lugha mama ambayo hakuna aliyeiandika. Tunapoona kwamba Wakikuyu husema kuria na Waswahili husema kula, kwamba r ya huku inalingana na l ya kule mara kwa mara, na kwamba irio za Nyeri zimetokana na kitenzi hicho hicho, hatusemi mmoja alimkopa mwenzake. Tunasema wote wawili walirithi.

Andrew Moeller na wenzake walifanya kazi kama hiyo mnamo 2016, ila badala ya maneno walilinganisha jeni. Walichukua bakteria kutoka utumbo wa binadamu, sokwe, bonobo na gorila, wakachora mti wa ukoo wa bakteria kando ya mti wa ukoo wa wenyeji wao. Kwa makundi mawili makubwa ya bakteria, miti hiyo ililingana. Binadamu na sokwe walipotengana mamilioni ya miaka iliyopita, bakteria wao nao walitengana, kila ukoo ukaendelea na mwenyeji wake. Hao ni bakteria wa kurithi. Kundi la tatu halikulingana, kwa sababu wanakundi wake walikuwa wamehama mara kadhaa kutoka mnyama mmoja hadi mwingine. Sisi tungewaita maneno ya mkopo: wamo lughani kama meza na shule, lakini hawakutoka kwa babu.

Taichi Suzuki na wenzake waliendeleza hoja hiyo mnamo 2022 kwa kulinganisha watu wa Afrika, Asia na Ulaya. Walikuta makumi ya aina za bakteria ambao historia yao inafuata historia ya kuhama kwa binadamu. Jambo lililotuvutia zaidi ni kwamba wale waliofungamana nasi kwa dhati wamepoteza baadhi ya jeni zao na hawavumilii hewa ya nje wala baridi. Hawawezi tena kuishi pasipo sisi. Hupita kutoka mwili hadi mwili, hasa kutoka kwa mama hadi kwa mtoto.

Hata tumbo lenyewe, ambalo kwa asidi yake halina wakazi wengi, lina mkongwe wake. Kwa jina la kisayansi huitwa Helicobacter pylori. Mnamo 2007, Bodo Linz na wenzake walionyesha kwamba bakteria huyu aliondoka Afrika Mashariki pamoja na binadamu yapata miaka 58,000 iliyopita, na kwamba tofauti za jeni zake hupungua kadiri mtu anavyokwenda mbali na eneo hili. Ndiye huyo huyo ambaye Barry Marshall na Robin Warren walithibitisha kuwa husababisha vidonda vya tumbo, kazi iliyowapa Tuzo ya Nobeli mnamo 2005. Ukongwe wa undugu haumzuii ndugu kuleta madhara.

Chakula cha mkazi

Anayetaka kuelewa uhusiano huu bila maabara na aende Karatina siku ya soko. Atakuta nduma, viazi vitamu, njahi, maharagwe ya rangi kadha wa kadha, mahindi, terere, managu, majani ya maboga na, akibahatika, thabai, ile mboga inayochoma mkono kabla haijachemshwa. Karibu kila kimoja kati ya vyakula hivi kina sehemu mbili: ile ya kumlisha mlaji na ile ya kuwalisha wakazi wake. Sehemu hii ya pili ndiyo wataalamu huiita nyuzinyuzi. Utumbo mwembamba huiacha ipite kama ilivyo. Ikifika katika utumbo mpana, bakteria huichachusha na kutoa asidi nyepesi, mojawapo ikiwa asidi ya butiriki, ambayo ndiyo nishati kuu ya seli zinazoukinga ukuta wa utumbo huo. Kwa maneno mengine, ukuta wa utumbo wetu hulishwa na makombo ya karamu ya wapangaji wetu.

Githeri ni mfano bora. Maharagwe yana aina za sukari ambazo hatuna kimeng’enya cha kuzivunja, bali bakteria wanacho. Ile gesi inayofanyiwa mzaha katika mabweni ya shule zetu zote ni ushahidi kwamba kazi inaendelea. (Tunakiri kwamba ushahidi huo haukuwahi kutufurahisha tulipokuwa kidato cha pili.) Nduma na viazi vitamu vilivyopoa vina siri nyingine. Wanga uliopikwa ukipoa, sehemu yake hujipanga upya kwa namna ambayo vimeng’enya vyetu hushindwa kuivunja, nayo huteremka hadi kwa bakteria. Mkulima wa Othaya anayekula nduma ya jana kwa chai asubuhi anadhani anaokoa kuni tu.

Njahi zina mahali pa pekee. Kwa mila za Wakikuyu, mwanamke aliyejifungua hulishwa njahi ili apate nguvu na maziwa. Maziwa ya mama nayo yana aina za sukari ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzisaga. Kwa miaka mingi wanakemia walishangaa: mbona mama atumie nguvu zake kutengeneza chakula ambacho mwanawe hawezi kukitumia? Jibu ni kwamba chakula hicho si cha mtoto. Ni cha bifidobakteria, ambao hulifanya tumbo la mtoto liwe chungu kidogo kama mala, na kwa uchungu huo huwazuia waharibifu. Mwili wa mama unawalisha wapangaji wa mtoto kabla mtoto hajaota jino. Sidhani kama kuna ushahidi mzito kuliko huu kwamba hawa si wavamizi.

Kisha kuna vyakula vilivyochachushwa nje ya mwili. Ucuru, yaani uji wa wimbi, mtama au mahindi, ulizoeleka kuachwa uchache kabla ya kunywewa. Bakteria wa asidi ya maziwa huongeza uchachu hadi vimelea vingi vya kuhara visiweze kustahimili. Kwa jirani zetu wa Tanzania, utafiti uliochapishwa mnamo 1999 ulionyesha kwamba watoto wadogo waliopewa togwa walikuwa na bakteria waharibifu wachache zaidi katika vinyesi vyao kuliko wenzao waliopewa uji usiochachushwa. Muratina nayo, pombe ya asali au miwa iliyotengwa kwa ajili ya wazee na sherehe, huchachushwa kwa tunda lililokaushwa la mti unaoitwa kwa jina hilo hilo. Tunda hilo huanikwa na kutumiwa tena na tena kwa sababu hamira hukaa ndani ya nyuzi zake. Mzee wa zamani aliyelihifadhi tunda lake vizuri alikuwa akifuga viumbe, kama alivyofuga mbuzi.

Hatutaki, hata hivyo, msomaji adhani kwamba tunapigia debe kila kilicholala. Muratina ni kileo, na faida ya hamira yake haifuti hasara ya ulevi. Mala iliyoandaliwa katika chombo kichafu huleta ugonjwa ule ule ambao ilitarajiwa kuuzuia.

Wakoloni, madaktari na kinyesi

Ulinganishaji wa vyakula vya eneo hili kwa jicho la sayansi una historia ndefu. Katika miaka ya mwisho ya 1920, John Boyd Orr na John Gilks walisimamia uchunguzi wa afya ya Wakikuyu, waliokula zaidi nafaka, mizizi na kunde, na Wamaasai, waliotegemea maziwa, nyama na damu. Ripoti yao ilitoka mnamo 1931. Waliona kwamba wanaume wa Kimaasai walikuwa warefu na wazito zaidi, wakahitimisha kwamba chakula cha Wakikuyu kina upungufu, hasa wa madini. Lakini ripoti hiyo hiyo ilirekodi kwamba kufunga choo na maumivu ya viungo vilikuwa vya kawaida zaidi kwa Wamaasai, na kwamba wanawake wa Kikuyu, ambao walikula mboga za majani kuliko wanaume wao, walikuwa na hali bora kuliko hao wanaume. Mwanahistoria Cynthia Brantley aliirejelea kazi hiyo mnamo 1997 na kuonyesha jinsi watafiti walivyoona walichotaka kuona. Sisi tungeongeza jambo moja: walipima urefu, uzito na madini, na hakuna aliyewaza kuhusu wakazi wa utumbo.

Aliyekaribia zaidi ni daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyefanya kazi Uganda tangu 1946 hadi katikati ya miaka ya 1960. Pamoja na Hugh Trowell, ambaye alianza utumishi wake Kenya mnamo 1929 kabla ya kuhamia Uganda, Burkitt alijiuliza kwa nini maradhi mengi ya utumbo yaliyojaza wodi za Uingereza hayakuonekana Mulago. Akaanza kupima vinyesi. Katika makala ya 1972 aliyoandika na Alec Walker na Neil Painter, alionyesha kwamba kinyesi cha wanakijiji wa Afrika kilikuwa kizito mara kadhaa kuliko cha Waingereza, na kilipita mwilini kwa muda mfupi zaidi. Alifikia hitimisho kwamba siri ilikuwa nyuzinyuzi. Alikuwa na hakika, ingawa alidhani nyuzinyuzi hufanya kazi kwa kujaza na kusukuma tu. Kwamba zilikuwa chakula cha viumbe hai, jambo hilo lilithibitishwa kwa kina baadaye.

Leo swali limegeuka. Mlaji wa mjini Nyeri, Nanyuki au Embu hununua unga wa mahindi uliokobolewa, mweupe na mlaini. Kapi na kiini vimekwisha kuondolewa kiwandani. Chapati ni za ngano nyeupe, na soda imechukua nafasi ya ucuru. Mnamo Desemba 2018, serikali ya Kenya ilipoanza majaribio ya mpango wa afya kwa wote katika kaunti nne, Nyeri ilichaguliwa kwa sababu ya mzigo wake wa magonjwa yasiyoambukiza kama vile kisukari na shinikizo la damu. Si haki kudai kwamba bakteria ndio chanzo cha yote hayo. Umri, mwendo wa maisha, chumvi, pombe na urithi vina sehemu yao. Lakini anayeondoa nyuzinyuzi mezani amewaondolea trilioni za wakazi chakula chao, na itakuwa ajabu kama jambo hilo halina matokeo.

Kwamba matokeo yapo, na kwamba huja haraka, kumeonyeshwa chini ya mlima wa jirani. Watafiti wa Moshi, Tanzania, wakishirikiana na wenzao wa Uholanzi, walichapisha mnamo 2025 matokeo ya jaribio walilofanya kwa wanaume 77. Baadhi ya waliozoea chakula cha asili cha Kilimanjaro walipewa kwa wiki mbili chakula cha kizungu, na baadhi ya wenzao wa mjini wakapewa ndizi, kunde, mboga na nafaka za asili. Kundi jingine lilipewa kinywaji cha ndizi kilichochachushwa, mfano wa mbege. Waliohamia chakula cha kizungu walionyesha dalili za mwasho wa ndani katika damu, na chembe zao za kinga zilipunguza ukali dhidi ya vimelea. Waliohamia chakula cha asili, na wale wa kinywaji, walielekea upande mwingine, na baadhi ya mabadiliko hayo yalikuwa bado yanaonekana wiki nne baadaye. Wiki mbili ni muda mfupi kuliko likizo ya Desemba.

Mfano wa pili unatoka pwani yetu wenyewe, na unatufundisha kwamba hata nia njema inahitaji kuwakumbuka wakazi. Huko Msambweni, Kaunti ya Kwale, watoto wa miezi sita walitiliwa unga wa madini ya chuma katika uji wa mahindi ili kuzuia upungufu wa damu. Matokeo yaliyochapishwa mnamo 2015 yalionyesha kwamba chuma ambacho watoto hawakukifyonza kiliwalisha bakteria waharibifu, na utumbo ukapata mwasho. Watafiti hawakuiacha tiba hiyo. Mnamo 2017 walionyesha kwamba wakiongeza aina ya sukari inayowalisha bifidobakteria, sehemu kubwa ya madhara hayo ilizuilika. Hawakuua yeyote. Waliwalisha majirani wema.

Kurudi kwa kijikaratasi

Sasa tunaweza kumjibu cucu kwa ukamilifu zaidi. Antibayotiki huokoa maisha, na mgonjwa aliyeandikiwa na daktari hana budi kuimeza kama alivyoelekezwa. Lakini haichagui. Ikifagia wakazi, bakteria mmoja aitwaye Clostridioides difficile anaweza kuitwaa nyumba nzima na kuleta kuhara kusikokoma. Nchini Uholanzi, Els van Nood na wenzake waliwatibu wagonjwa wa aina hiyo kwa kuwatilia utumboni kinyesi kilichochujwa cha mtu mwenye afya. Katika matokeo yao ya 2013, wagonjwa 13 kati ya 16 walipona baada ya mara moja tu, ilhali kati ya waliopewa antibayotiki peke yake walipona 4 kati ya 13. Dawa ilikuwa bakteria.

Hebu basi mwanafunzi wa tafsiri ajaribu kuiandika sentensi hiyo ya mwisho kwa istilahi zetu zilizozoeleka. “Mgonjwa alitibiwa kwa vijasumu.” “Alipona baada ya kutiwa vijidudu.” Hakuna hariri itakayoiokoa. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI, iliyotoka mnamo 1990, ilitusaidia kupata majina ya viumbe na viungo kwa ajili ya madarasa ya sayansi. Kazi iliyobaki ni ya kuitazama upya mizani ya maana ndani ya majina hayo.

Mapendekezo yetu ni machache. Bakteria libaki jina la jumla, lisilo na hukumu. Kijidudu na kijasumu vitumiwe tu panapokuwa na ugonjwa. Pale tunapozungumzia jamii nzima iishiyo utumboni, tuseme wakazi wa utumbo, maana mkazi anaweza kuwa mwema au msumbufu, lakini ana haki ya kuwepo na ana haja ya kula. Na antibayotiki tuiite antibayotiki, kwa kuwa kiuavijasumu ni jina linalotoa ahadi ambayo dawa haiwezi kuitimiza, yaani kwamba wenye sumu pekee ndio watakaouawa.

Kuna na suala la upatanisho wa kisarufi ambalo tunaliacha mbele ya walimu wetu. Katika makala haya tumesema bakteria hawa wanaishi, kwa kufuata kanuni ya viumbe hai, kama tusemavyo kifaru anakula. Magazeti mengi husema bakteria hizi zinaishi, na wauguzi wengi tuliowasikia husema vijidudu hivi vinaishi. Baadhi ya wenzetu darasani wanaona kwamba kumpa bakteria upatanisho wa a- na wa- ni kumkweza mno. Sisi tunaona kwamba kumnyima ni kuirudisha ile dharau ya kiji- kwa mlango wa nyuma.

Sentensi ya kijikaratasi tuliiandika upya hivi: “Tumboni mwako mna wakazi wanaokusaidia kusaga chakula na kufukuza maradhi. Dawa hii huwaua pamoja na bakteria wa ugonjwa, kwa hiyo imeze tu ukiandikiwa na daktari, na uimalize.” Muuguzi aliisoma kwa sauti, na alipofika kwenye wakazi akasita, akaongeza kwa mazoea, “yaani vijidudu.” Cucu wa Mukurweini hakuwepo siku hiyo. Mama aliyeketi karibu na mlango ndiye aliyeuliza wakazi hao hula nini, na muuguzi akaanza na githeri.